Kamba Ni Moja, Vitanzi Ni Viwili



Jumamosi moja baada ya Misa, kikundi cha vijana wanaojifunza Kiingereza katika ukumbi wa parokia kilikwama kwenye neno moja. Wengi wao hujifunza lugha hiyo kwa sababu iliyo wazi: malori yanayobeba shaba yetu hushuka kusini, hupita mpaka wa Kasumbalesa na kuingia Zambia, na huko biashara hufanyika kwa Kiingereza. Neno lenyewe lilikuwa noose, linalotamkwa "nuus". Mmoja akasema ni fundo. Mwingine akasema ni mtego wa ndege. Wa tatu akasema ni kamba ya kunyongea. Mwalimu akawajibu kwamba wote watatu wamesema kweli.

Kisha maongezi yakageuka. Wiki ile wezi walikuwa wamevunja nyumba mtaani na kumjeruhi mama mmoja. Kijana mmoja akasema kwa sauti kubwa: "Basi hilo ndilo neno tunalolihitaji hapa Kolwezi. Watiwe kitanzi, tupumzike." Wenzake wakapiga makofi.

Nilikuwa nimeketi nyuma, nami nilinyamaza. Makala haya ni jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku ile.

Tuanze na neno lenyewe, maana mara nyingi historia ya neno hutufundisha jambo ambalo matumizi yake ya kila siku yamelificha. Neno noose linaonekana katika maandishi ya Kiingereza tangu katikati ya karne ya 15, wala halikutumika sana kabla ya mwaka 1600 hivi. Wataalamu wa lugha wanadhani lilivuka bahari kutoka Ufaransa, ama katika Kifaransa cha kale ama katika lugha ya kusini mwa nchi hiyo, na kwamba mzizi wake ni neno la Kilatini nodus, maana yake fundo. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunamfahamu ndugu yake: nœud. Kilatini kilikuwa pia na neno laqueus, lililotaja hasa kitanzi cha mwindaji. Kutokana na hilo Kifaransa kilipata lacet, uzi wa kufungia viatu, na Kihispania kikapata lazo, kamba ya kukamatia ng'ombe.

Neno lililoanza kwa kutaja fundo tu, kazi ya mikono isiyo na hatia, liliishia shingoni mwa binadamu. Na uzi huohuo wa maana unamfunga mtoto viatu anapokwenda shule. Kamba haikuzaliwa mbaya. Ubaya hutokana na fundo tulilolifunga, na mahali tulipoliweka.

Lugha yetu inasema vivyo hivyo. Kwa mshonaji, kitanzi ni kile kiduara cha uzi kinachopokea kifungo cha nguo. Kwa mwindaji ni kamba iliyotegwa njiani. Kwa hakimu na mnyongaji ni mwisho wa kesi. Nasi tunapomwona mtu akifanya jambo litakalomwangamiza baadaye, tunasema amejitia kitanzi.

Ni nini kinachotofautisha kitanzi cha kuua na mitego mingine? Mtego wa chuma humbana mnyama kwa nguvu ya chuma. Shimo humkamata kwa kina chake. Lakini kitanzi hutumia nguvu za yule aliyemo ndani. Fundo lake huteleza: kadiri mateka anavyovuta, ndivyo linavyokaza. Uzito wake mwenyewe ndio unaofanya kazi ya adui yake. Naomba mshike jambo hili, kwa sababu yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Mtume Paulo alilijua. Katika Barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, aya ya 35, baada ya kutoa mashauri yake juu ya ndoa na useja, anawahakikishia wasomaji kwamba anasema kwa faida yao, wala hakusudii kuwategea tanzi. Neno la Kigiriki alilolitumia, brokhos, ni lile la kitanzi cha mwindaji na la kamba ya kunyongea. Paulo alikuwa na mamlaka, na alijua kwamba shauri jema, likitolewa na mwenye mamlaka bila upendo, laweza kugeuka kuwa kamba shingoni mwa anayelipokea. Basi tangu mwanzo Kanisa lilikuwa na kipimo hiki: sheria inamshika mtu asianguke, au inamkaza asipumue?

Hapa kwetu tofauti hiyo tunaiona machoni. Nendeni mahali wanapofanya kazi wachimbaji wa mikono, wale tunaowaita creuseurs. Wengine hushuka mashimoni kwa kamba, wengine kwa kukanyaga vishimo vilivyochongwa ukutani, na magunia ya mawe hupandishwa kwa kamba. Mtu mwenye ujuzi hawezi kujifunga kiunoni kwa fundo linaloteleza. Hufunga kitanzi kisichokaza, kinachobaki na upana uleule hata uzito wote wa mwili ukining'inia juu yake. Kamba ni ileile, na kwa mbali vitanzi viwili hivyo hufanana. Kimoja humrudisha baba nyumbani jioni. Kingine kingemvunja mbavu.

Wazee wa parokia za Kolwezi wanakumbuka mafundo ya namna nyingine. Padri Placide Tempels, aliyeanzisha Jamaa katika kambi za wafanyakazi wa migodi hapa kwetu miaka ya 1950, alikuwa Mfransisko, na kila Mfransisko hujifunga kiunoni kamba yenye mafundo matatu: ufukara, usafi wa moyo na utii. Mafundo hayo hayatelezi. Aliyejifunga hakukamatwa na mtu. Amejifunga mwenyewe kwa hiari, na ahadi yake inamshika siku ambayo moyo wake umechoka. Hata ndoa ni fundo la aina hiyo, hata urafiki wa kweli.

Sasa natamani tutazame vitanzi vya aina ya kwanza, vile vinavyokaza, ambavyo vimetegwa njiani kwenu.

Cha kwanza ni deni. Mnajua linavyoanza. Kijana hana kitu. Anapata mfadhili anayempa unga, tochi, koleo, kamba na fedha kidogo za kuiachia familia. Hakuna riba inayotajwa, hakuna karatasi inayotiwa saini. Sharti ni moja tu: madini yakipatikana, yatapitia kwa mfadhili, kwa bei yake na kwa mizani yake. Mwezi wa kwanza shimo halitoi kitu, deni linakua. Mwezi wa pili linatoa kidogo, nacho chote kinamezwa na deni. Ili alipe, kijana anachimba zaidi. Ili achimbe zaidi, anakopa tena. Kanuni za madini za nchi yetu zinakataza shimo la mchimbaji wa mikono kupita mita 30, lakini deni halina mita. Humsukuma mtu kwenda chini zaidi, au kuvuka ua usiku na kuingia katika mgodi wa kampuni. Mwezi Juni 2019, katika mgodi wa wazi wa KOV karibu na mji wetu, udongo uliporomoka na kuwaua wachimbaji zaidi ya 40. Sisemi kwamba wote walikuwa na madeni. Nasema kwamba mtu hawezi kusimama chini ya ukuta wa udongo uliopasuka ila kuna kitu kinachomvuta pale kwa nguvu kuliko woga wake.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwetu si methali tu; ni habari ya mtaa. Tena tazameni jinsi deni hilo lilivyo kitanzi hasa: bidii ya kijana, ambayo ni fadhila, ndiyo inayolikaza. Mvivu angeumia kidogo kuliko yeye. Kwa hiyo kumwambia "jitahidi zaidi" si shauri la upendo. Shauri la upendo ni kumsaidia kulegeza fundo: vijana kumi wakiweka akiba pamoja kila wiki, hata kama ni kidogo, wanaweza kumnunulia mmoja wao zana bila kumtia mikononi mwa mfadhili. Akiba hiyo nayo ni kamba, lakini imefungwa kwa fundo lisiloteleza.

Cha pili sitakisema kwa maneno mengi. Yuko kijana ambaye, kwa deni au kwa aibu au kwa huzuni asiyoijua chanzo chake, amefikiri kwamba hakuna njia nyingine ila kujitoa uhai. Nasema naye moja kwa moja. Yuda na Petro wote wawili walimkosea Bwana usiku uleule, na wote wawili walijuta. Yuda aliondoka akabaki peke yake na kosa lake. Petro alilia kwa uchungu, lakini alirudi kwa wenzake, na asubuhi ya Ufufuko alikuwa kati yao. Usibaki peke yako. Mwambie mtu mmoja leo: mama yako, rafiki, padri, mtawa, muuguzi wa zahanati. Nasi wengine tunaosikia habari kama hiyo, tusihukumu wala tusicheke, tuketi naye.

Cha tatu ndicho kilichopigiwa makofi ukumbini: kitanzi cha serikali.

Évariste Kimba alikuwa mwana wa nchi hii ya Katanga, mzaliwa wa eneo la Bukama, palipo kando ya mto wetu Lualaba. Alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Katanga wakati wa kujitenga, na mwezi Oktoba 1965 Rais Kasavubu alimteua kuwa waziri mkuu wa Kongo. Mwezi uliofuata Mobutu alitwaa madaraka. Mwaka 1966, siku za Pentekoste, Kimba na wenzake watatu, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, walikamatwa kwa shtaka la kula njama ya kuipindua serikali. Walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, bila wakili wa kuwatetea, na hukumu ikatoka kwa muda mfupi. Tarehe 2 Juni 1966 walinyongwa hadharani mjini Kinshasa, mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Kimba alikuwa na umri wa miaka 39.

Sina nia ya kuamua leo kama walikuwa na hatia au hawakuwa nayo. Hiyo ndiyo huzuni yenyewe: hakuna tena wa kuamua. Mtu aliyefungwa kwa kosa la hakimu aweza kufunguliwa; aliyenyongwa hawezi kurudishiwa pumzi. Miaka 31 baadaye, utawala ulipobadilika, uwanja mkubwa wa michezo wa Kinshasa ulipewa jina la Mashahidi wa Pentekoste kwa heshima ya watu hao wanne. Taifa liliwanyonga, kisha taifa likawaita mashahidi. Jina juu ya lango la uwanja ni heshima, lakini si uhai.

Fikirini pia juu ya umati ule. Watu walikuja kutazama shingo za watu wanne. Kumbe kitanzi kilikuwa kikipitishwa shingoni mwao wenyewe. Tangu siku ile kila mtu alijua kilichompata aliyedhaniwa kuwa mpinzani, na woga ukatanda. Utawala ule ulidumu hadi mwaka 1997. Nani alikikaza kitanzi hicho? Ukimya wa waliotazama na makofi ya walioshangilia vilikuwa na uzito wake.

Haya si mambo ya zamani tu. Tangu mwaka 2003 nchi yetu ilisitisha kutekeleza hukumu za kifo, ingawa mahakama ziliendelea kuzitoa. Mwezi Machi 2024 Wizara ya Sheria ilitoa waraka wa kuondoa usitishaji huo, ikitaja uhaini na ujambazi wa mijini unaosababisha vifo. Mwanzoni mwa 2025 wanaume zaidi ya 100 waliohukumiwa kwa ujambazi walihamishiwa gereza la Angenga, na ikatangazwa kwamba walipelekwa huko kusubiri kuuawa. Wengi walikuwa wa rika lenu.

Nakijua kilio kinachojibu hapa, wala sikidharau. Kijana yule ukumbini hakusema kwa ukatili. Alikuwa amemwona mama yule na bandeji zake. Alikuwa amewaona wezi wakikamatwa Jumatatu na kuonekana sokoni Alhamisi kwa sababu mtu alilipa. Mtu anayeishi bila ulinzi na bila mahakama ya kuaminika ana haki ya kukasirika. Mama yule anastahili haki, na haki maana yake ni kwamba aliyemjeruhi akamatwe, ahukumiwe, afungwe mahali asipoweza kumdhuru mwingine, na alipe. Kanisa halijawahi kuomba milango ya magereza ifunguliwe kwa wauaji.

Lakini tuangalie hoja yenyewe. Tunasema polisi hupokea rushwa, mahakimu hununuliwa, maskini hawana wakili. Kisha tunataka polisi haohao na mahakimu haohao wakabidhiwe kamba. Je, mwenye fedha ndiye atakayenyongwa? Wahenga walishajibu: mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Katika nchi ambayo haki hununuliwa, kitanzi kitamtafuta yule asiye na kitu cha kununulia, naye aweza kuwa mchimbaji aliyeonekana mahali pabaya saa mbaya, aweza kuwa ndugu yako. Mchimba shimo huingia mwenyewe. Hilo hapa Kolwezi hatuhitaji kulifafanuliwa.

Kwa Mkristo ipo sababu ya kina zaidi. Mwezi Agosti 2018 Papa Fransisko alibadili namba 2267 ya Katekisimu, na tangu hapo Kanisa linafundisha wazi kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa inashambulia hadhi ya mtu, nayo hadhi hiyo haipotei hata baada ya uhalifu mkubwa. Fundisho hilo ni gumu. Halikuandikwa kwa ajili ya siku ambazo hatuna hasira. Liliandikwa kwa ajili ya Jumamosi kama ile, bandeji zikiwa bado na damu. Bwana wetu mwenyewe alihukumiwa kisheria na kuuawa hadharani huku umati ukipiga kelele. Kila mara tunapojiunga na umati unaodai kifo, tujiulize tumesimama upande gani wa uwanja ule.

Ndiyo maana nayaona makofi ya Jumamosi kuwa jambo zito. Sheria hufuata sauti ya watu; mwanasiasa anayetafuta kupendwa huwapa kile wanachokishangilia. Neno "anyongwe" ni jepesi mdomoni, lakini likitamkwa na elfu moja linakuwa uzito, na uzito ndio unaokaza fundo.

Tufanye nini basi? Kwanza, tulinde midomo yetu. Kikundi cha vijana kisiwe mahali ambapo kifo cha mtu hupigiwa makofi. Pili, tumtembelee yule mama aliyejeruhiwa kabla ya kumzungumzia. Huenda anahitaji unga na dawa kuliko kisasi chetu. Tatu, tuitembelee na gereza, maana Bwana alilitaja kwa jina alipoeleza tutakavyohukumiwa. Nne, tuwatafute wenzetu waliomo katika kitanzi cha deni, tuwasaidie kulegeza kabla hawajavuka ua usiku.

Kijana aliyesema maneno yale ukumbini ni mtu mwema, nami nimekwisha kuzungumza naye. Hakukubaliana nami katika yote. Aliniuliza: "Na mimi nikivunjiwa nyumba?" Nilimjibu kwamba nitakuja usiku uleule, na kwamba sitamwambia asikasirike. Tulikwenda pamoja kwa mama yule siku ya Jumanne. Yeye ndiye aliyebeba gunia la makala.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Katika mtaa wetu, ni nani aliye ndani ya kitanzi kinachokaza kwa bidii yake mwenyewe? Tunaweza kufanya nini wiki hii ili kukilegeza?

2. Ni sheria au desturi zipi za kikundi chetu, za familia au za parokia, zinazomshika mtu asianguke, na zipi zinamkaza asipumue? Tusomeni 1 Wakorintho 7:35 kabla ya kujibu.

3. Je, nimewahi kushangilia kifo au kipigo cha mtu aliyedhaniwa kuwa mwizi? Nilijua nini juu ya kesi yake?